Uchambuzi wa kisa: bechi moja ya plazma na namba za asidi ya retinoiki zilizokataa kukaa sawa

Maabara inapima asidi za retinoiki ambazo mwili wenyewe huzitengeneza kutokana na vitamini A. Bechi ina sampuli 24 za plazma ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) kutoka kwa watu wazima wenye afya, waliotolewa damu asubuhi kabla ya kula. Vinavyotafutwa ni vinne: asidi ya retinoiki ya trans, ya 13-cis, ya 9-cis, na zao la oksidisho la 13-cis linaloitwa 4-oxo-13-cis. Retinoli, yaani vitamini A yenyewe, na esta zake (umbo lake la kuhifadhiwa) zinapimwa pembeni. Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kwa makosa yanayojirudia katika kazi hii, na namba zake zimechaguliwa ziendane na viwango vinavyojulikana kwa binadamu.

Viwango hivyo ndivyo vinavyoifanya kazi iwe ngumu. Retinoli kwenye plazma ya mtu mzima huwa kati ya mikromoli 1 na 3 kwa lita, yaani takriban nanogramu 290 hadi 860 kwa mililita. Asidi ya trans huwa nanogramu 1 hadi 2 tu, 13-cis huwa karibu na hapo hapo, na 4-oxo-13-cis huwa juu kidogo, nanogramu 2 hadi 4. Asidi ya 9-cis kwa kawaida haionekani kabisa kwa mtu ambaye hajala. Kwa hiyo unatafuta kitu kidogo pembeni ya ndugu yake aliye mkubwa mara mamia. Tuseme retinoli ni nanogramu 500 kwa mililita. Ikiwa asilimia 0.1 tu itaoksidika kuwa asidi ya retinoiki wakati wa maandalizi, umeongeza nanogramu 0.5 ambazo hazikuwemo kwenye damu.

Kuna ugumu wa pili. Isoma zote za asidi ya retinoiki, yaani yale maumbo ya trans na cis ya molekuli ile ile, zina tungamo moja na huvunjika vipande vile vile. Spektromita ya tungamo ikiwa kwenye ioni chanya huziona zote kwenye tungamo 301, na kipande kinachofuatwa zaidi ni 205. Mashine haiwezi kukuambia ipi ni trans na ipi ni 13-cis. Kazi hiyo ni ya kolamu peke yake, ule mrija unaozitenganisha kabla hazijafika kwenye mashine. Kwenye kolamu ya C18 hutoka 13-cis kwanza, kisha 9-cis, na trans mwisho. Zile za 4-oxo hutoka mapema zaidi kwa sababu zinapenda maji zaidi kuliko wenzake.

Matokeo ya kwanza

Sampuli nyingi zilitoka vizuri (namba zote ni nanogramu kwa mililita): 13-cis kati ya 1.0 na 1.8, 4-oxo-13-cis kati ya 2 na 4, na hakuna 9-cis. Ila mambo manne hayakukaa sawa:

– Sampuli za udhibiti wa ubora, ambazo kiwango chake kinajulikana, zilisoma trans juu kwa asilimia 23. 13-cis yao haikuwa na tatizo.
– Sampuli 17 hadi 24 zilikuwa na kilele kidogo mahali pa 9-cis, ingawa trans na 13-cis zao zilionekana za kawaida.
– Sampuli 9, 10 na 11 zilikuwa na trans ya chini, karibu 0.8, na zenyewe pia zilikuwa na 9-cis ya 0.3.
– Sampuli 5 ilikuwa na 13-cis ya 5.2 na 4-oxo-13-cis ya 12.6.

Jibu la haraka lingekuwa kwamba kolamu imechoka, ibadilishwe, na bechi irudiwe. Lingekuwa jibu baya. Kolamu ingebadilishwa, sampuli tatu zingeendelea kutoka vibaya, na sampuli moja iliyo sahihi kabisa ingetupwa.

Udhibiti wa ubora: hitilafu iko kwenye chupa ya akiba

Kwa kuwa hakuna plazma ya binadamu isiyo na asidi ya retinoiki, mstari wa kalibresheni, yaani viwango vinavyojulikana ambavyo sampuli husomwa dhidi yake, hutengenezwa kwenye matriksi mbadala, kimiminika kinachosimama badala ya plazma. Hapa ni albumini ya ng'ombe ya asilimia 4 kwenye maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti. Wengine hutumia plazma iliyoachwa kwenye mwanga mkali hadi retinoidi zake (retinoli na jamii yake) ziharibike, au iliyochujwa kwa mkaa. Njia zote zinakubalika chini ya ICH M10 ya mwaka 2022, mwongozo wa kimataifa wa kuhakiki mbinu za kupima sampuli za mwili, almradi uonyeshe kwamba plazma halisi na matriksi mbadala vinaleta mwitikio unaolingana. Kwa mfano, punguza plazma kwa matriksi mbadala mara mbili na mara nne, zidisha majibu kurudi mwanzo, na yote yaangukie ndani ya asilimia 15.

Sampuli ya udhibiti ilikuwa mchanganyiko wa plazma wenye trans ya asili 1.2, ulioongezewa 2.0, jumla 3.2. Ilisoma 3.95. Makosa ya pipeti huyumba huku na huko, lakini hili lilikuwa la upande mmoja na la kiwango kile kile kwenye sampuli zote za udhibiti. Hali hiyo inaelekeza kwenye suluhisho la akiba la trans lililotengeneza mstari wa kalibresheni.

Njia ya kulihakikisha ni spektrofotomita, wala haihitaji nusu saa. Asidi ya trans kwenye ethanoli hufyonza mwanga zaidi kwenye nanomita 350, na mgawo wake wa molari ni karibu 45,300. Kwa uzito wa molekuli wa 300.4, mikrogramu 1 kwa mililita inatoa ufyonzaji wa 0.151 kwenye kisanduku cha sentimita 1. Suluhisho lililoandikwa mikrogramu 5 lilitakiwa kusoma 0.754. Likasoma 0.61, ambayo ni mikrogramu 4.05 tu. Gawanya 5 kwa 4.05 unapata 1.23. Hiyo ndiyo asilimia 23 yote.

Upungufu huo ulitoka kwenye mizani. Poda ya retinoidi hununuliwa kwa miligramu chache, hushika umeme tuli, na sehemu yake huwa imeshaoksidika kila chupa inapofunguliwa. Uzito usomeke tu kama makadirio, na kiwango halisi kitolewe na ufyonzaji siku hiyo hiyo. Ufyonzaji nao una upofu wake: 13-cis hufyonza karibu na 354, kwa hiyo suluhisho lililogeuka nusu bado litaonekana zima. Ndiyo maana tone lake hupitishwa kwenye kolamu kuona kama kilele ni kimoja.

Kuna jambo hapa linalostahili kuzingatiwa. Hitilafu hii ilionekana kwa sababu sampuli za udhibiti zilitengenezwa kutoka chupa nyingine ya akiba. Kama chupa ingekuwa moja, ile 2.0 iliyoongezwa ingekuwa 1.62 halisi na ingesomeka 2.0, wakati 1.2 ya asili ingesomeka 1.48. Jumla 3.48 badala ya 3.2, zaidi kwa asilimia 9 tu, na bechi ingepita bila swali. Tiba ni kuweka pia sampuli ya udhibiti ya plazma tupu isiyoongezewa chochote. Hiyo ingesoma 1.48 dhidi ya 1.2 na kupiga kelele. Maabara nyingi huiacha kwa sababu fomu zao zilitengenezwa kwa ajili ya dawa, ambazo plazma tupu haina.

Namba za trans za sampuli za washiriki, ile 0.8 ya hapo juu na zote zinazofuata, zimeshagawanywa kwa 1.23 ili usomaji uwe rahisi. Kwenye ripoti halisi hilo haliruhusiwi. Bechi hurudiwa.

Sampuli 17 hadi 24: shahidi aliyekuwa ndani ya kichupa

Kila sampuli ilipewa kigezo cha ndani, kiasi kinachojulikana cha kufidia kinachopotea njiani: asidi ya trans yenye atomi 5 za duteriamu (haidrojeni nzito), inayoonekana kwenye 306. Wengi hutazama kilele chake kimoja na kuendelea. Lakini kwa kuwa kiliingizwa kikiwa trans kitupu, kilele chochote cha 306 kitakachotokea mahali pa 13-cis ni ushahidi kwamba isoma zimegeuka baada ya kigezo kuingia. Damu ya mtu haina duteriamu ya kiasi hicho.

Kwenye sampuli 1 hadi 16, kilele hicho kilikuwa asilimia 2 ya kile cha trans. Hicho ni kiasi kilichokuwemo kwenye kigezo chenyewe tangu kinunuliwe. Kwenye sampuli 17 kilikuwa asilimia 9, na kikapanda hatua kwa hatua hadi asilimia 22 kwenye sampuli 24. Mpando huo una maana. Mwanga ungeingia wakati wa maandalizi, sampuli zote nane zingeathirika kwa kiasi kinachokaribiana. Athari ikiongezeka kadiri sampuli inavyosubiri zamu, chanzo kiko kwenye trei ya mashine. Kila sindano, yaani kila sampuli inayoingizwa kwenye mashine, ilichukua dakika 16, na bechi nzima yenye kalibresheni na udhibiti ilikuwa na sindano 40, karibu saa 11. Vichupa vya kahawia viliishia kwenye sampuli ya 16, nane za mwisho zikawekwa kwenye vichupa vyeupe vinavyopitisha mwanga, na taa ndogo ya ndani ya mashine ilikuwa inawaka.

Sasa kwa nini trans na 13-cis za sampuli hizi zilionekana za kawaida? Hapa ndipo wengi hudanganyika, wakidhani kigezo chenye duteriamu kinafidia kila kitu. Chukua sampuli 24 yenye trans halisi 1.2 na 13-cis halisi 1.3, na tuchukulie kwa urahisi kwamba asilimia 18 ya kila moja imegeuka kuwa nyingine, tukiacha pembeni ile 9-cis ndogo. Trans inabaki 0.98, inapokea 0.23 kutoka kwa 13-cis, inakuwa 1.22. 13-cis inakuwa 1.28. Kumbe retinoidi za asili karibu hazikusogea, kwa sababu kila upande ulitoa na ukapokea. Kigezo hakikuwa na wa kukirudishia. Kilipoteza asilimia 18 moja kwa moja. Gawanya kwa 0.82 na ripoti inasema trans 1.49 na 13-cis 1.56. Zote mbili ziko ndani ya viwango vya kawaida, na zote mbili ni za uongo kwa asilimia 20 na ushee.

Kwa maoni yetu uwiano wa 13-cis ya duteriamu kwa trans ya duteriamu uandikwe kwenye kila sampuli, na sampuli inayozidi asilimia 5 irudiwe bila mjadala. Anayetaka fidia ya kweli kwa 13-cis aweke pia kigezo cha 13-cis chenye alama, ila kiwe cha tungamo tofauti na kile cha trans. Ukiweka vyote viwili vyenye duteriamu 5 umemuua shahidi wako, maana hutajua tena kilele cha 306 kimetoka wapi.

Usafi wa kigezo nao ukaguliwe. Ukiweka kiasi kinacholingana na nanogramu 5 kwa mililita, na asilimia 1 yake haina duteriamu, umeongeza 0.05 kwenye asidi ya asili. Kwa trans ya 1.2 hiyo ni asilimia 4. Hilo huonekana kwenye matriksi mbadala iliyowekewa kigezo peke yake.

Sampuli 9, 10 na 11: uharibifu uliotangulia

Hizi zilikuwa na trans 0.8, 13-cis 1.5 na 9-cis 0.3, lakini kilele cha 306 cha 13-cis kilikuwa asilimia 2, kama za kwanza. Kigezo hakikuguswa. Basi kilichotokea kilitokea kabla ya kigezo kuingia: kwenye kuchukua damu, kuzungusha kwenye sentrifuji, kugawa plazma, au kwenye friza.

Ukijumlisha isoma tatu unapata 2.6, jumla ile ile ya sampuli jirani. Hakuna kilichoongezeka wala kupotea sana, vitu vimehama tu. 4-oxo-13-cis ilikuwa 2.8, haikupanda. Huo ndio mkono wa mwanga. Rekodi za upokeaji zilionyesha kwamba hizo tatu zilitolewa mahali pamoja, siku moja, na mirija yake ilisubiri sentrifuji saa mbili kwenye raki ya wazi karibu na dirisha. Retinoli yao ilikuwa ya kawaida, na hilo lisimfariji mtu: ikiwa imeshikwa ndani ya protini yake ya kubebea, RBP4, retinoli huvumilia kuliko asidi iliyokaa juu ya albumini.

Kabla ya kukiita kilele hicho 9-cis, ongeza kidogo ya 9-cis halisi kwenye sampuli na upitishe tena. Kilele kikikua kikiwa kimoja, jina ni sahihi. Kikipasuka kuwa viwili, ulichokuwa nacho huenda ni 9,13-di-cis, ambayo hukaa karibu sana na imewahi kuwachanganya wengi.

Hakuna hesabu itakayoziokoa sampuli hizi. Hujui trans ilikuwa ngapi kabla ya dirisha. Ni kutoa damu upya: mirija ifunikwe kwa karatasi ya alumini tangu sindano inapotoka, ikae kwenye barafu, izungushwe ndani ya saa moja, plazma igawanywe kwenye vichupa vidogo viwili au zaidi, na iingie nyuzi −80 siku hiyo hiyo.

Sampuli 5: haina kosa

Hapa kigezo ni safi, 9-cis haipo, trans ni 1.4, na 13-cis imepanda pamoja na 4-oxo-13-cis. Mwanga hauwezi kufanya hivyo. Mwanga hugeuza umbo la molekuli iliyopo. Kuweka oksijeni kwenye kaboni ya 4 ni kazi ya vimeng'enya vya mwili, na inachukua muda. Jumla ya isoma pia imepanda badala ya kuhama. Mtu huyu alikuwa na asidi hiyo kwenye damu kweli.

Vyanzo vinavyofahamika ni vichache: mlo wa maini au vidonge vingi vya vitamini A siku iliyotangulia, au dawa ya chunusi ya isotretinoini, ambayo si kitu kingine bali ni 13-cis yenyewe. Nusu ya maisha ya isotretinoini kwenye damu ni karibu saa 21 na ya 4-oxo karibu saa 24, na viwango hurudi vya asili takriban wiki mbili baada ya kuacha dawa. Mtu aliyemaliza vidonge siku chache zilizopita angeweza kutoa namba hizi hizi. Esta za retinoli zinasaidia kidogo: kwa aliyefunga, zikizidi asilimia 10 ya vitamini A yote kwenye damu, fikiria ulaji uliopitiliza. Zikiwa chini haziondoi uwezekano wa maini, kwa sababu esta za mlo huondoka kwenye damu mapema kuliko 4-oxo. Retinoli yenyewe haisemi lolote, kwani ini huishikilia pale pale.

Sampuli hiyo inaripotiwa jinsi ilivyo, na msimamizi wa utafiti anaulizwa kuhusu mlo na dawa za mshiriki. Kumwondoa au kumbakiza ni uamuzi wa itifaki, maabara haina mamlaka hayo.

Bechi inavyorudiwa

Chumba kiwe na taa za manjano au nyekundu zisizotoa mwanga ulio chini ya nanomita 500. Usiamini rangi kwa macho: weka suluhisho la trans kwenye kichupa cheupe juu ya meza kwa saa moja, lingine kwenye alumini, na uyalinganishe kwenye mashine.

Plazma iyeyushwe kwenye barafu gizani, kutoka kichupa ambacho hakijawahi kuyeyushwa. Mikrolita 200 ziingie kwenye mrija wa kioo, kwa sababu retinoidi hunata kwenye plastiki. Ongeza mikrolita 20 za kigezo cha nanogramu 50 kwa mililita, tikisa, na usubiri dakika 10 kigezo kishikwe na albumini kama zilivyoshikwa zile za asili. Ukiharakisha, kigezo hutoka kirahisi kuliko asidi ya asili na majibu yanashuka.

Weka mililita 1 ya haidroksidi ya potasiamu ya molari 0.025 ndani ya ethanoli, kisha mililita 5 za heksani, tikisa dakika moja na uzungushe dakika 3 kwa nyuzi 4. Tabaka la juu lina retinoli na esta. Liondoe lote, na hapa uvivu hulipwa papo hapo: retinoli inayobaki chini itakutana na asidi inayofuata, igeuke kuwa anhidroretinoli na kuchafua kolamu. Kwenye tabaka la chini weka mikrolita 60 za asidi hidrokloriki ya molari 4, ongeza mililita 5 nyingine za heksani, na safari hii asidi za retinoiki hupanda juu. Aliyesahau asidi hiyo atajijua: hata kigezo hakitaonekana.

Kausha heksani kwa nitrojeni kwenye nyuzi 30 bila kupita kiasi. Utando mkavu wa retinoidi ulioachwa kwenye mrija huoksidika ukiutazama. Uyeyushe hapo hapo kwenye mikrolita 60 za asetonitraili na uweke kwenye kichupa cha kahawia chenye kikombe cha kioo ndani. Taa ya trei izimwe. Mstari wa kalibresheni upitishwe mwanzo na mwisho wa bechi, na sampuli mbili za mwanzo zirudiwe mwisho ili kulinganisha.

Mara moja kwa kila mfululizo wa kazi, sampuli moja ya plazma iwekewe retinoli yenye duteriamu kabla ya kitu kingine chochote, bila kigezo cha asidi. Asidi ya retinoiki yenye duteriamu ikitokea, mikono na kemikali za maabara ndizo zinazoitengeneza, na sehemu ya nanogramu 1.2 unazoripoti haikutoka kwa mshiriki. Kinachofuata ni kubadilisha heksani na ethanoli kwa chupa mpya, maana peroksidi kwenye viyeyusho vya zamani ndicho chanzo cha kwanza cha kukagua, na kuongeza BHT, kizuia oksidisho, kabla ya kuzidua.